Viazi vya Kuchoma, na Mbabula Ibakie Nje

Mwezi huu tunaingia jikoni. Wababa, msiruke ukurasa huu mkisema ni habari ya wamama. Makala inanunuliwa kwa mshahara wa nyumba nzima, na yule anayelala ndani ya chumba chenye mbabula si mama peke yake.

Nilipomwambia mama mmoja wa ushirika wetu kwamba nitaandika juu ya pomudeteri za kuchoma, alicheka: «Pasta, ile iko chakula ya bazungu!» Tumjibu polepole. Kiazi hiki hakikuzaliwa Ulaya. Kilitoka kwenye milima ya Peru na Bolivia, Amerika ya Kusini, ambako wenyeji walikilima maelfu ya miaka kabla ya meli ya kwanza ya Wazungu kufika. Wahispania ndio walikipeleka Ulaya katika miaka ya 1500, na kule wengi walikiogopa kwa muda mrefu. Tena mahindi ya bukari yetu na muhogo unaotupa sombe, vyote viwili vilitoka ng'ambo ileile ya Amerika. Kama pomudeteri ni ya wageni, basi na bukari ni ya wageni. Waulize ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru, huko Kivu: kwao ni chakula cha shamba, si cha hoteli.

Shida yetu katika miji ya mine ni nyingine. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kiazi kinajua njia moja tu: kukatwa vipande na kutupwa katika mafuta. Siku ya mshahara watoto wanakula frite, na tarehe kumi chupa ya mafuta imeisha. Kumbe kiazi kinaiva vizuri bila tone la mafuta. Tena kikiiva na ganda lake, hakipotezi vitu vyake vya kujenga mwili ndani ya maji kama kile kilichomenywa na kuchemshwa.

Kwanza sokoni. Chagua viazi vya kulingana, ukubwa wa ngumi ya mtoto, ili visiive kimoja leo na kingine kesho. Angalia rangi. Kiazi chenye sehemu ya kijani kimekaa kwenye mwanga, na pamoja na ile rangi kunatokea sumu inayoitwa solanini. Moto haiondoi sumu hiyo, wala kuchemsha, wala kuchoma. Mtu aliyekula nyingi anaumwa tumbo, anatapika, kichwa kinauma. Kama kijani ni kidogo, kata sehemu ile yote kwa unene. Kama imeenea, ama kama kiazi ni chungu mdomoni, tupa bila huruma. Machipukizi nayo ung'oe na macho yake. Nyumbani weka viazi mahali penye giza na hewa, ndani ya kikapu ao mfuko wa nguo, si katika plastiki iliyofungwa.

Kuosha ni jambo ambalo sisi wa mine hatuwezi kulipita haraka. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mkojo wa watu wa Katanga. Wale wanaokaa karibu na mine na viwanda vya kuyeyusha walikutwa na cobalt nyingi sana mwilini, na watoto walizidi wakubwa. Vumbi na udongo vinaingia kwa mkono, kwa hewa na kwa chakula. Basi kiazi kisugue kwa brosi ao kwa gunzi la mahindi, ubadilishe maji mara mbili, tatu, mpaka yabaki meupe. Unaponunua kiazi kilicholimwa chini ya moshi wa kiwanda ao kando ya maji yanayotoka mine, choma na ganda lakini usile ganda. Mahali pengine, kula ganda, ni tamu na lina faida.

Sasa moto. Njia ya wazee wetu ni jivu. Walichoma viazi vitamu hivyo kijijini, na pomudeteri inafuata njia ileile. Ngojea moto uishe kulia, makala yawe mekundu na kufunikwa na jivu jeupe. Fungua shimo kati ya jivu la moto, panga viazi, vifunike kwa jivu, kisha juu ya jivu weka makala machache. Makala yasiguse kiazi, maana kitakuwa cheusi nje na kibichi ndani. Geuza baada ya nusu saa. Kwa dakika 45 hadi saa moja kisu kitaingia bila kusukumwa. Pangusa jivu, pasua, tia chumvi. Ukiwa na viazi vitamu, usiharakishe hata kidogo: ndani yake mna kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari wakati kiazi kinapopata moto polepole. Anayechoma kwa moto mkali anakula kiazi kisicho na utamu wake wote.

Jivu linataka moto wa kuni wenye jivu nyingi, na mbabula ya mjini haina nafasi hiyo. Kwa hiyo wamama wengine wanatumia sufuria kama furu. Chukua sufuria nzito ya zamani, ile ambayo hutaililia. Chini weka mchanga mkavu, unene wa vidole viwili. Mchanga huo usiuchote penye mto unaoshukia kiwandani ao mahali ambako vijana wanaosha mawe ya mine. Toboa kila kiazi kwa uma mara nne ama tano ili mvuke upate mlango; kisichotobolewa kinaweza kupasuka. Vilaze juu ya mchanga visigusane, funika kwa kifuniko cha chuma, na juu ya kifuniko weka makala matano, sita ya moto. Sasa joto linatoka chini na juu, kama furu ya mkate. Saa moja inatosha. Ukipaka ganda chumvi na mafuta mekundu ya ngazi kidogo sana, litakauka na kulia chini ya meno.

Neno moja juu ya vyombo: usitengeneze furu wala kifuniko kwa pipa lililobeba dawa za kiwanda, hata kama wameliosha na hata kama fundi anaapa. Na bati jipya la nyumba lenye rangi ya zinki likipata moto mkali linatoa moshi mbaya.

Jirani yako anayepika mikate katika furu ya matofali anaweza kukusaidia kuliko mtu yeyote. Anapotoa mkate wa mwisho, furu yake bado ina joto la saa nzima ao zaidi, na joto hilo linaenda bure. Mpelekee viazi vyako kwenye sinia, mwachie vitatu, vinne kama asante. Ninajua mitaa ambako wamama watano wanafanya hivi kila juma na wanaacha kabisa kuwasha mbabula siku hiyo.

Mwenye furu ya umeme ao ya gazi, kazi yake ni nyepesi: digrii 200, dakika 60 kwa kiazi cha gramu 200 hivi, moja kwa moja juu ya chuma cha furu. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Joto lililobaki litaendelea na kazi kwa muda, kisha unamaliza juu ya makala.

Na kama makala ni kidogo? Weka viazi ndani ya maji ya maharagwe yaleyale yanayochemka, na maganda yake yaliyooshwa vizuri, dakika 15. Toa, kausha kwa kitambaa, malizia juu ya makala yanayobaki wakati maharagwe yameshuka. Mjue pia kwamba Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na maji yetu yanachemka kwenye digrii 96 hivi, si 100 kama kando ya bahari. Ndiyo maana maharagwe yanatuchelewesha. Kuchoma hakujali jambo hilo. Kumbukeni tu kwamba kwa kilo moja ya makala mchomaji anakata kilo 5 hadi 10 za miti, na msitu uliokuwa kwenye mlango wa mji leo unautafuta kwa lori.

Tufike sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kuchoma kiazi kunachukua saa moja. Mwezi wa sita na wa saba, usiku ni baridi, upepo unakata. Mama anawasha mbabula nje, anaona baridi, anaiingiza ndani: kiazi kiive, watoto wapate joto, kazi mbili kwa makala yaleyale. Moshi umeisha, makala ni mekundu, mazuri kuangalia. Wote wanasema, «Sasa haina tena moshi, haina mubaya.» Hapo ndipo kifo kinapoingia.

Makala yanapowaka yanatoa gazi inayoitwa monokside ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Inatoka hata wakati moshi umekwisha, hata chini ya jivu. Mtu akiivuta inaingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inazunguka, lakini haibebi tena hewa ya uhai. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi unakuja. Mtu anafikiri amechoka. Aliyelala tayari haamki kuomba msaada. Watoto wadogo na mama mwenye mimba wanaumia mbele ya wengine.

Wachungaji tunaitwa kwenye mazishi ya namna hii. Na mara nyingi, kabla ya udongo kukauka juu ya kaburi, neno linaanza kutembea: jamaa nzima kulala wazima na kukutwa wafu, mlango umefungwa, hakuna damu, hakuna jeraha, basi ni ulozi. Wanamtafuta bibi mzee wa mtaa, ao mtoto aliyebaki hai kwa sababu alilala karibu na mlango. Mtoto huyo aliyepoteza wazazi anaitwa ndoki na kufukuzwa. Ndugu yangu, kabla ya kumnyooshea mtu kidole, angalia pembeni ya chumba. Mbabula iko pale? Mtoto alipona juu ya hewa iliyopita chini ya mlango. Wazee wa kanisa, semeni hivyo palepale kwenye matanga, kwa sauti, watu wasikie.

Kwa hiyo mbabula ibakie nje tangu kuwashwa mpaka kuzimika. Mvua ikinyesha, tumia baraza iliyo wazi pande zake. Dirisha moja lililofunguliwa kidogo halitoshi. Usiku zima makala kwa mchanga ao ufunike, na uyaache hukohuko nje. Blanketi na miili ya watoto waliolala pamoja itatoa joto.

Ukikuta mtu amelegea chumbani penye mbabula, fungua mlango, mvute nje kwenye hewa, wewe mwenyewe usikawie ndani. Usipoteze muda kumpa maziwa, kama wengi wanavyofanya. Maziwa hayatoi gazi katika damu, na mtu aliyezimia anaweza kuyavuta mapafuni. Mpeleke hospitali, mahali penye oksijeni, na umwambie mganga waziwazi: «Alikuwa ndani na mbabula.» Usiposema hivyo, kichwa kuuma na kutapika vitafanana na malaria, na atapewa dawa ya malaria. Ukiona watu wote wa nyumba wanaumwa kichwa saa moja, na wakitoka nje wanapata nafuu, usitafute ugonjwa mwingine.

Turudi kwenye sahani. Wengine wanapenda kufunga kiazi ndani ya karatasi ya aluminiamu. Inafaa kwa kukinga na jivu, lakini mvuke unabaki ndani na ganda linakuwa laini kama la kuchemshwa. Ukiitumia, fungua mara tu kiazi kinapoiva. Usikiache kimefungwa mezani mpaka kesho. Mwaka 1994, katika mji wa El Paso, jimbo la Texas, Marekani, watu 30 waliugua botulizme, ugonjwa unaolegeza mishipa mpaka ile ya kupumua. Ulitoka katika viazi vya kuchoma vya mkahawa vilivyoachwa vimefungwa ndani ya aluminiamu bila baridi. Kijidudu kile kinapenda mahali penye uvuguvugu pasipo hewa, na karatasi ilikitengenezea nyumba.

Mwenye ugonjwa wa sukari asile sahani ya viazi peke yake, maana kiazi cha kuchoma kinapandisha sukari haraka. Kimoja kidogo, pamoja na maharagwe ama lengalenga nyingi ama kipande cha samaki, kinamfaa zaidi. Kwa wengine, pasua kiazi katikati, weka ndani sombe iliyobaki mchana, ao ndakala zilizokaangwa na kitunguu, na pilipili kwa wakubwa.

Vinavyobaki jioni viache vipoe bila kufungwa, kisha viingie katika frigo kama unayo. Kama huna, pika kwa hesabu ya vinywa. Asubuhi vikate vipande pamoja na ganda, kaanga kitunguu na nyanya mbili katika kijiko kimoja cha mafuta, tupa viazi ndani, geuza mpaka vipate moto kabisa, na baba anayeingia kazi ya saa kumi na mbili anaondoka na chakula katika gamela yake.