Printa ya kazi tatu kwenye Linux: Ulizia skana kabla ya kuulizia bei

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilimaliza kutoa huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa kompyuta wa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, haukubali kompyuta nyingi za zamani. Kwa hiyo wenye maduka ya steshenari na ofisi ndogo wanaotumia kompyuta za miaka mingi wamebakiwa na njia tatu: kununua kompyuta nyingine, kuendelea na mfumo wa zamani na hatari zake, au kuhamia kwenye mfumo huria kama Linux, ambao hauna ada ya leseni.

Njia ya tatu inavutia mfuko, hasa kwa mwenye kompyuta mbili tatu ambazo bado ni nzima. Hata hivyo, kinachoamua kama akiba hiyo itabaki ni mashine iliyo pembeni ya kompyuta: ile inayochapa, kuskani na kutoa fotokopi. Mashine mbili zinaweza kuwa na bei moja na umbo moja. Ya kwanza itafanya kazi zote dakika chache baada ya kuwashwa. Ya pili itachapa vizuri, lakini kompyuta isiione skana yake kabisa. Aliyenunua ya pili amefungia mtaji wake kabatini.

Makala haya yanaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, mashine hufungwaje, na mnunuzi afanye nini kabla ya kutoa fedha.

KAZI TATU, NJIA TATU

Mashine ya namna hii huonekana kama kitu kimoja, lakini mbele ya kompyuta kila kazi ina njia yake.

Fotokopi haihitaji kompyuta. Mashine husoma karatasi na kutoa nakala yenyewe, hivyo mapato ya kopi yako salama hata kompyuta ikizimwa.

Kuchapa hupitia programu iitwayo CUPS. Ilianzishwa na Mmarekani Michael Sweet na kutolewa kwa umma mwaka 1999. Mwaka 2002 kampuni ya Apple iliichukua kwa ajili ya kompyuta zake za Mac, na ndiyo inayotumika pia katika Linux.

Kuskani hupitia programu nyingine kabisa, iitwayo SANE. Hii ina orodha yake ya mashine inazozifahamu, na orodha hiyo hailingani na ile ya kuchapa.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Muuzaji akisema mashine "inakubali Linux", huenda anazungumzia kuchapa peke yake. Kwa duka la steshenari, kuskani si jambo la pembeni. Waombaji wa kazi serikalini na wanafunzi wanaoomba mikopo ya elimu ya juu huleta vyeti vyao viskaniwe na kutumwa kwa mtandao. Mteja huyo akiambiwa skana haifanyi kazi, anavuka barabara na kwenda duka la pili, na fotokopi yake anaitolea huko huko.

TATIZO LA DRAIVA

Kompyuta haiwezi kuzungumza na mashine bila kuijua lugha yake. Kwa miaka mingi kila kiwanda kilikuwa na lugha yake, na mnunuzi alipewa programu ya kiungo, ambayo mafundi huiita draiva. Viwanda viliandika draiva za Windows kwanza, na Linux ikaachwa ijitafutie.

Kwa kweli historia ya programu huria yenyewe inagusa printa. Karibu mwaka 1980, katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, mtaalamu Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya printa ya leza ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi mara kwa mara, ili iwape watumiaji taarifa. Alinyimwa maandishi ya programu hiyo. Stallman ameeleza mara nyingi kuwa tukio hilo ni moja ya yaliyomsukuma, na mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, ambao kazi yake ni sehemu kubwa ya mifumo ya Linux ya leo.

Mabadiliko makubwa yamekuja kupitia simu. Mwaka 2010 Apple ilianzisha AirPrint, ili iPhone iweze kuchapa bila draiva. Mwaka 2013 ukatolewa utaratibu wa pamoja wa viwanda uitwao IPP Everywhere, na mwaka huo huo ukaundwa muungano wa Mopria kwa ajili ya simu za Android. Mashine inayofuata taratibu hizi hujitambulisha yenyewe kwa kompyuta: mimi ni fulani, karatasi yangu ni A4, ninachapa rangi, ninachapa pande mbili. Linux husikiliza na kuifunga bila kuuliza draiva.

Kwa upande wa kuskani upo utaratibu kama huo, uitwao eSCL, na programu inayouelewa katika Linux ni sane-airscan. Kwa mashine za kebo ya USB ipo programu ya ipp-usb, ambayo huifanya kebo ifanye kazi kama mtandao. Mfumo wa Debian toleo la 11, uliotolewa mwaka 2021, ulileta vyote viwili, na matoleo ya Ubuntu ya karibuni yanavyo pia.

Kwa mnunuzi maana yake ni moja: alama ya AirPrint au Mopria kwenye boksi ina thamani ya fedha, hata kama dukani hakuna mtu mwenye iPhone. Ni dalili nzuri kwamba mashine itachapa kwenye Linux, na mara nyingi itaskani pia. Lakini dalili si ushahidi, skana ijaribiwe.

VIWANDA VINATOA NINI

HP hutoa programu yake huria kwa ajili ya Linux, iitwayo HPLIP, inayohudumia kuchapa na kuskani. Baadhi ya mashine zake hudai kipande cha ziada kisicho huria, ambacho hupakuliwa kwa intaneti wakati wa kufunga. Mwenye bando dogo alikumbuke hilo.

Epson, ambayo printa zake za matangi ya wino zilianza kuuzwa Indonesia mwaka 2010, hutoa draiva ya kuchapa na programu tofauti ya kuskani iitwayo Epson Scan 2. Brother nayo hutoa draiva za Linux kwa mashine zake nyingi, za printa na za skana zikiwa mafurushi mawili. Canon hutoa kwa baadhi ya mashine, hivyo mnunuzi aangalie namba kamili ya modeli aliyoishika mkononi.

Tahadhari moja inahusu wanaotumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi. Draiva nyingi za viwandani zimeandikwa kwa ajili ya kompyuta zenye prosesa za Intel au AMD, na haziwezi kufanya kazi humo. Kwa hao mashine isiyohitaji draiva ni lazima.

Mashine kubwa za fotokopi zilizokwisha kutumika zina hesabu yake. Zile zinazoelewa lugha ya PostScript huchapa kwenye Linux bila taabu kubwa. Na nyingi zina uwezo wa kuskani moja kwa moja hadi kwenye flashi au kwenye folda ya mtandao. Mashine ikiskani kwenye flashi, suala la draiva ya skana limekwisha.

UTARATIBU WA KUFUNGA

Kwanza, sasisha kompyuta. Septemba 2024 ulitangazwa udhaifu wa usalama katika baadhi ya programu zinazoambatana na CUPS, na marekebisho yake yalitolewa. Kompyuta isiyosasishwa huyakosa.

Pili, unganisha mashine na kompyuta kwenye ruta moja. Usitumie mtandao uliowekewa wageni, kwa sababu ruta nyingi huzuia vyombo vya mtandao huo visionane. Kama unatumia kebo ya USB, chomeka na kuwasha mashine kabla ya hatua inayofuata.

Tatu, fungua mipangilio ya kompyuta, sehemu ya printa. Kwenye Ubuntu na Debian za karibuni mashine isiyohitaji draiva hujitokeza yenyewe. Chapa ukurasa wa majaribio.

Nne, hakikisha karatasi ni A4 kwenye kompyuta na kwenye mashine. Mfumo uliofungwa kwa mpangilio wa Marekani huchagua karatasi ya Letter, na mashine husimama ikidai karatasi ambayo haimo. Mafundi wengi wameitwa kwa ajili ya kosa hili tu.

Tano, fungua programu ya kuskani ya Simple Scan, ambayo siku hizi huonekana kwa jina la Document Scanner. Weka cheti chenye muhuri wa rangi, skani, kisha hifadhi kama PDF. Kama mashine ina kilisha-karatasi cha juu, jaribu pia rundo la karatasi tano. Kioo kinaweza kukubali na kilisha-karatasi kikagoma.

Mambo yakikwama, zipo amri mbili za kuandika kwenye dirisha la amri. Amri ya lpstat -e huorodhesha printa ambazo kompyuta inaziona, na scanimage -L huorodhesha skana. Kama ya kwanza inatoa jina na ya pili haitoi, tatizo ni la skana peke yake: angalia kama sane-airscan imo, na kwa mashine ya kebo angalia ipp-usb. Mwenye HP afunge HPLIP na kuandika hp-setup. Kama amri zote mbili hazioni kitu, anza na kebo, ruta na umeme kabla ya kulaumu programu.

HESABU YA DUKA

Tuchukue mfano. Tuseme duka linaskani kurasa 40 kwa siku kwa Sh. 500 kila ukurasa. Hayo ni mapato ghafi ya Sh. 20,000 kwa siku, au Sh. 520,000 kwa siku 26 za kazi. Tuseme tena kwamba mashine isiyo na uhakika wa skana ilikuwa rahisi kwa Sh. 80,000. Skana ikikaa siku nne bila kufanya kazi, unafuu huo wote umekwisha. Siku ya tano mwenye duka anaanza kula mtaji, na bado hajamlipa fundi.

Wino nao uhesabiwe kwa ukurasa. Epson, kwa mfano, hueleza kuwa chupa yake ya wino mweusi ya aina ya 103 hutoa kurasa zipatazo 4,500. Chupa ikiwa Sh. 36,000, ukurasa unabeba wino wa Sh. 8. Kila mtu aweke bei ya mtaani kwake, na akumbuke kuwa kurasa za kiwandani huwa na maandishi machache kuliko picha za wateja.

Zipo gharama za Linux ambazo muuzaji hatazitaja. Nyaraka za Word zinazoletwa na wateja zinaweza kuhama mistari zikifunguliwa kwa LibreOffice, hivyo ni vyema kumwomba mteja alete PDF. Pia programu za kiwanda za kusafisha kichwa cha wino mara nyingi hazipo kwenye Linux, na kazi hiyo itafanywa kwa vitufe vya mashine yenyewe. Asiyekuwa tayari kwa hayo asihamishe kompyuta zote siku moja. Aanze na moja, nyingine zibaki mpaka wafanyakazi wazoee.

KABLA YA KULIPA

Linux ina faida moja ambayo wanunuzi hawaitumii vya kutosha: huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kufungwa ndani ya kompyuta. Beba kompyuta ndogo na flashi yenye Ubuntu mpaka dukani. Mwombe muuzaji awashe mashine, uichomeke, uchape ukurasa mmoja na kuskani mmoja. Ni kazi ya robo saa. Muuzaji akikataa kufungua boksi, andika namba kamili ya modeli, tafuta habari zake za Linux kwanza, na mkubaliane kwenye risiti kwamba mashine itarudishwa skana ikigoma.

Baada ya kufunga, andika kwenye daftari jina la modeli, toleo la mfumo, programu zilizowekwa na tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku kompyuta itakapoharibika ukurasa huo mmoja utakuokolea siku nzima ya kazi.

Fundi naye alipwe wakati PDF ya cheti imekwisha kuhifadhiwa na kufunguka. Karatasi ya majaribio iliyotoka kwenye printa ni nusu ya kazi tu.