Insafu kwa Mbao Nyepesi

Katika Bugarama, bonde la joto ambamo mto Rusizi hufikia mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda, mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, mnunuzi wa mbao aghalabu huuinua ubao mkononi kabla hajauliza bei, na ukiwa mzito husifiwa, ukiwa mwepesi hutupwa kando kama kuni.

Hukumu hiyo, kwa rai yangu, ni dhuluma. Na shahidi wangu ni mpopla mweusi, mti wa Ulaya uotao kandokando ya mito, penye tope na mafuriko. Mbao zake ni za rangi hafifu na laini, na zikisha kukauka mita moja ya ujazo haizidi sana kilo 400, ilhali mikaratusi mizito hupita 700. Walakini ulaini huo ndio fadhila yake: ukiugonga hubonyea bila ya kuchanika, ukiupiga msumari haupasuki, na moto hauushiki kwa haraka. Ndiyo maana maseremala wa huko waliutandika katika sakafu za mikokoteni ya kubebea mawe, wakaufanya viatu vya mti, makasha ya matunda, hata njiti za kibiriti, ambazo lazima zitiwe nta kwanza ili ziwake sawasawa. Leonardo da Vinci naye aliichora Mona Lisa juu ya ubao wa mpopla.

Aibu yake ni moja, nayo ni kubwa: penye unyevu huoza upesi. Kuuchimbia ardhini kama nguzo, katika nchi ya mchwa kama hii yetu, ni kuuharibu bure.

Jamaa yake mmoja ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, katika kingo za mto Tana nchini Kenya, ambako shina lake huchongwa mitumbwi.

Sisi nasi tunao umwungo, mti wa milima ya Nyungwe inayolitazama bonde letu, wenye mbao nyeupe na nyepesi zifaazo mizinga ya nyuki. Ule wa msituni ni wa hifadhi, usiguswe. Lakini mti huu hukubali kupandwa mashambani, na wakulima wa vilimani wangeupanda, masoko yetu yangepata makasha ya nyanya na maembe yasiyomchosha mchukuzi. Sharti ni kuupasua mara ukatwapo, kisha kuzipanga mbao kivulini, kila moja ikitengwa na mwenziwe kwa vijiti ili upepo upite, kabla ukungu haujazitia madoa.