Ubao wa Mama Rais



Katika nyumba nyingi za miji yetu televisheni imekuwa kama mgeni asiyeaga. Watoto huijua ratiba yake kuliko ratiba ya masomo, nasi wazazi na walimu huwakaripia, kisha twaketi nao kutazama. Leo nataka kusema juu ya mchezo mmoja wa mfululizo ambao naona haukustahili karipio hilo. Ni hadithi ya kubuni tu, ya merikebu ziendazo kati ya nyota na mashine zenye umbo la mwanadamu. Jina lake ni Battlestar Galactica, nayo ilionyeshwa Marekani katika televisheni ya kebo tangu Desemba 2003 hata Machi 2009. Watu wengi wakiikumbuka husimulia mapigano ya angani. Mimi nakumbuka ubao.

Kwanza niseme neno juu ya kebo. Yapata mwaka 1948, katika miji midogo iliyofichwa na milima ya Pennsylvania, mawimbi ya televisheni hayakufika mabondeni. Akaaye mabonde ya Kivu ataelewa upesi. Basi wenyeji wakasimamisha antena juu ya kilima na kuteremsha waya mpaka nyumbani, kila nyumba ikilipa ada ya mwezi. Kutokana na waya hizo zilizaliwa baadaye stesheni nyingi zenye kazi moja moja: hii ya habari, ile ya michezo, na mwaka 1992 ikaanzishwa Sci Fi Channel kwa ajili ya hadithi za namna hii. Stesheni kubwa zilizo wazi kwa wote huishi kwa matangazo ya biashara, kwa hiyo hutafuta kuwapendeza watu wengi mno kwa wakati mmoja. Stesheni ya kebo hupata sehemu ya ada, nayo yaweza kuvumilia watazamaji wachache walio waaminifu. Galactica ya kwanza, ya mwaka 1978, ilionyeshwa katika ABC, stesheni kubwa. Gharama zake zilikuwa nyingi, nayo haikupita msimu mmoja. Ile ya pili, iliyotungwa upya na Ronald D. Moore, ilipata nafasi ya kwenda polepole na kusema mambo mazito.

Hadithi ni hii. Watu wa dunia kumi na mbili walijitengenezea mashine za kuwatumikia, zilizoitwa Cylon. Mashine zikaasi, vita ikapigwa, kisha yakafanyika mapatano. Miaka arobaini ikapita kimya. Ghafula Cylon wakarudi na mabomu ya nyuklia, na mabilioni ya watu wakaangamia. Manowari mpya zilizimika kama taa, maana kompyuta zake zilitumia programu moja ambayo adui alikwisha kupenya ndani yake. Galactica ilipona kwa sababu ya uzee wake. Kamanda Adama alikuwa amekataa katakata kompyuta zake ziunganishwe, na wakati ule ule manowari ilikuwa ikistaafishwa ili igeuzwe jumba la makumbusho.

Na serikali je? Aliyebaki ni Waziri wa Elimu, Laura Roslin, aliyekuwa wa 43 katika orodha ya warithi wa Rais. Zamani alikuwa mwalimu wa shule, na siku ile ile ya msiba alikuwa amepata habari kwamba ana kansa ya matiti. Nakiri kwamba hapo nilikaa wima katika kiti changu. Katika hadithi nyingi za vita mwalimu hufa mapema, au hupewa kazi ya kulia.

Mama Rais alikuwa na ubao mweupe katika merikebu yake, na juu yake tarakimu moja tu: hesabu ya watu wote waliobaki hai.

Sehemu ya kwanza ya mfululizo wenyewe yaitwa "33", nayo mwaka 2005 ilipata tuzo ya Hugo. Kila dakika 33 adui anatokea, na msafara wote wa merikebu hauna budi kuruka kwenda mahali pengine. Hivyo kwa zaidi ya siku tano, mara zaidi ya 230, wala hakuna aliyelala. Macho ya wachezaji ni mekundu, maneno yanawatoka vipande vipande. Katikati ya taabu hiyo kijana msaidizi wa Rais anamletea hesabu mpya: wengine wamekufa kwa majeraha, wengine walihesabiwa vibaya. Mama Rais anafuta, anaandika. Kisha merikebu moja ya abiria, Olympic Carrier, yenye watu 1,345, inachelewa nyuma. Na safari hiyo adui haji. Baadaye merikebu hiyo inarudi, na kila mtu anashuku kwamba ndiyo inayowaongoza Cylon. Rais na Kamanda wanatoa amri iangamizwe. Marubani wanapita karibu na madirisha yake wakichungulia kama kuna watu ndani, kisha wanafyatua. Mtungaji hatuambii waziwazi kama walikuwamo.

Jioni kijana yule anarudi, naye ana habari nyingine: katika merikebu moja amezaliwa mtoto wa kiume. Mama Rais anakwenda ubaoni. Hesabu ilikuwa 47,972. Anaifuta, anaandika 47,973.

Nimeona watoto wa darasani wakitoa jumla za mamilioni bila kupepesa jicho. Lakini msomaji aliyewahi kusimama katika mstari wa wakimbizi, akingoja jina lake liandikwe ili apate unga na turubai, hatahitaji maelezo yangu juu ya moja ile iliyoongezwa.

Kama hadithi ingaliishia hapo ingalikuwa nzuri, nayo ingalikuwa nyepesi. Watungaji hawakuiacha hesabu iwe mtakatifu. Baadaye msafara unakutana na manowari nyingine iliyopona, Pegasus, ya Admeri Cain. Furaha ni kubwa, mpaka siri inapofichuka: yeye pia alikutana na merikebu za abiria, lakini alichukua vipuri vyao pamoja na mafundi waliomfaa, na waliosalia akawaacha angani wafe. Waliopinga, jamaa zao walipigwa risasi. Cain naye alihesabu watu, ila alihesabu kama mwenye ghala. Na Mama Rais wetu, yule wa ubao, ndiye anayemshauri Adama amwue Cain! Adama anakubali, kisha mwishoni anaiacha njama hiyo.

Katika sehemu nyingine, ya mwaka 2006, msichana anajificha merikebuni akitafuta daktari wa kumtoa mimba. Roslin maisha yake yote alikuwa ameitetea haki ya kufanya hivyo. Sasa anatazama ubao, anaona watu wanapungua, anapiga marufuku. Msomaji Mkatoliki atasema amefanya vema. Mimi pia nilisema hivyo, kisha nikasita, kwa kuwa mtoto yule hakutetewa kwa ajili yake mwenyewe. Alitetewa kwa kuwa tarakimu ilikuwa ndogo. Ingalikuwa kubwa, ingalikuwaje?

Na je, Cylon wahesabiwe? Baadhi yao wana nyama na damu, wanapenda, wanalia. Ajabu ni kwamba wao ndio wanaomkiri Mungu mmoja, na wanadamu huabudu miungu mingi. Mateka wa Cylon anateswa ndani ya manowari ya wanadamu, na watesaji hujitetea kwamba hii ni mashine tu. Hayo yalionyeshwa miaka ile ile Marekani ilipokuwa vitani Iraki, na watazamaji walifahamu. Tarehe 17 Machi 2009 watungaji na wachezaji wakuu walialikwa katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kuzungumza juu ya haki za binadamu, ugaidi, watoto katika vita, na upatanisho. Si michezo mingi ya televisheni iliyopata kuitwa humo.

Siku tatu baadaye ukaja mwisho. Waliosalia, chini ya 40,000, wanafika katika dunia yetu hii, miaka 150,000 iliyopita, nao wanashuka katika mbuga za Afrika. Mwishoni kabisa Tanzania inatajwa kwa jina: huko yamegunduliwa mabaki ya mwanamke kijana, mama wa wanadamu wote, naye ni Hera, mtoto wa baba mwanadamu na mama Cylon. Nilipoona nyasi zile na wanyama wale nilifurahi kama mtu anayeona kijiji chake katika picha.

Lakini mbuga hazikuwa tupu. Kulikuwa na watu. Wageni wanalala katika nyasi na kuwatazama kwa darubini. Wanasema hawana lugha bado, tena damu yao yapatana na yetu. Wanaazimia kuwapa lililo bora katika mambo yao. Watu wale wanapita kwa mbali, dakika chache tu, wala kamera haiwakaribii. Tangu mtoto yule wa 47,973 tulikuwa tumezoea kuuliza ni wangapi. Safari hii hakuna aliyeuliza, na ubao haukuletwa.