Masta ya kuchanganua tabia: Uliza maswali haya kabla ya kulipa karo

TUSEME wewe ni mwalimu wa Gredi ya 3. Kila kipindi cha kusoma kikianza, kuna mvulana mmoja anayetupa kitabu chini na kupiga mayowe. Unamtoa nje ili wenzake wasome. Kesho anarudia. Keshokutwa ni yaleyale. Kwenye chumba cha walimu unaambiwa, “Huyo achana naye, hafundishiki.”

Mtaalamu wa kuchanganua tabia angekuuliza mambo matatu. Ni nini hutokea kabla ya kitabu kutupwa? Mtoto hufanya nini hasa? Na baada ya hapo anapata nini? Siri iko kwenye swali la tatu. Anapata kutoka nje, na kazi iliyomshinda inaondoka. Adhabu yako imegeuka zawadi bila wewe kujua.

Basi badala ya kumfukuza, unampunguzia kazi iwe mistari miwili. Unamfundisha kuomba mapumziko kwa neno, au kwa kuinua kadi ikiwa hasemi. Akisoma, unamsifu papo hapo. Kila siku unaandika amesoma mistari mingapi na kitabu kimetupwa mara ngapi, kisha unaongeza kazi polepole. Daftari lako ndilo litakaloonyesha kama mbinu inafaulu au unajidanganya.

Taaluma hiyo ndiyo inayoitwa ABA. Ilianza kupata umbo lake miaka ya 1960 nchini Marekani, hasa katika Chuo Kikuu cha Kansas, na jarida lake la kwanza likatoka 1968. Leo inajulikana zaidi kwa kazi yake na watoto wenye usonji, ingawa mbinu zake zinamfaa mtoto yeyote anayepata ugumu wa kujifunza au kuwasiliana.

Kwa kijana wa Kenya aliyemaliza digrii ya ualimu au saikolojia, kazi ipo. Sera ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu ya 2018 inataka watoto wasomee pamoja kadiri inavyowezekana, na mtaala wa umilisi umetengea njia yao wale wasioweza kufuata gredi za kawaida. Mwalimu anayejua kusoma tabia ya mtoto si wa kupuuzwa.

Lakini hapa ndipo pa kuwa macho. Shahada ni kitu kimoja, cheti cha kitaaluma ni kingine kabisa.

Ukitafuta masomo ya ABA mtandaoni, utakutana na matangazo ya masta yanayoahidi kukutayarisha kwa cheti cha BCBA. Hicho ndicho cheti kinachojulikana zaidi katika fani hii, na hutolewa na bodi ya Marekani iitwayo BACB, iliyoundwa 1998. Kukipata si mchezo. Unahitaji shahada ya uzamili, masomo maalum, mtihani, na kwa njia ya kawaida saa 2,000 za kazi chini ya msimamizi. Ukifanya saa 20 kwa wiki, hizo ni wiki 100, karibu miaka miwili.

Sasa sikiza. Tangu Januari 1, 2023, bodi hiyo iliacha kupokea maombi mapya kutoka kote duniani. Ilibakisha Marekani, Canada na nchi nyingine chache sana. Kenya haimo. Maana yake ni kwamba unaweza kukaa Nakuru au Kisumu, ulipe karo kwa dola, usome usiku hadi ufuzu, upewe shahada halali kabisa, halafu usiruhusiwe hata kuomba kufanya mtihani. Chuo hakitakuwa kimekudanganya. Ni wewe hukuuliza unakoishi kunahesabika vipi.

Je, ndoto imekufa? La. Njia zipo, ila kila moja ina masharti yake.

Ya kwanza ni hapa nyumbani. Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Maseno vinafundisha elimu ya mahitaji maalum hadi uzamili. Hiyo si shahada ya ABA, lakini inakupa msingi mpana: ulemavu wa aina mbalimbali, tathmini ya watoto, na utafiti unaofanyia kwenye shule unazozijua. Kama ni mwalimu, hubanduki kwenye mfumo wa TSC, na HELB ina mikopo ya wanaosomea uzamili. Anayetaka kuonja fani kwanza anaweza kuanza na kozi fupi au diploma katika taasisi ya KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, na iliyoanzishwa 1986.

Ya pili ni kusoma ABA na kulenga vyeti vya kimataifa vilivyobaki wazi. Mashirika ya IBAO na QABA hupokea wataalamu kutoka nchi nyingi. Vyeti vyao havina jina kubwa kama BCBA, kwa hivyo muulize mwajiri unayemlenga iwapo anavitambua. Muhimu zaidi, hakikisha una msimamizi wa kukuongoza kazini. Bila yeye, utakuwa na nadharia kichwani na mikono mitupu mbele ya mtoto.

Ya tatu ni kwenda ng'ambo. Ufadhili wa Fulbright kwa Marekani na ule wa Chevening kwa Uingereza hugharamia karo, nauli na matumizi. Chevening hudai uwe umefanya kazi angalau miaka miwili. Zote mbili hukutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Piga hesabu hiyo kabla ya kuamua ni cheti gani unakimbilia. Na shahada ya nje ukirudi nayo itahitaji kutambuliwa hapa, hivyo uliza CUE na KNQA mapema.

Kuna swali moja zaidi ambalo halihusu karo. ABA ina historia yenye doa. Miaka ya mwanzo, baadhi ya watafiti walitumia adhabu za kuumiza watoto ili waache tabia fulani. Hadi leo kuna watu wazima wenye usonji wanaosema walifundishwa kujificha, si kujifunza. Muulize mhadhiri: mnafundisha nini kuhusu ridhaa ya mtoto? Mtoto anayepepesa mikono akifurahi anamdhuru nani? Chuo kisichokuwa na jibu la maana, kipite.

Kabla ya yote hayo, jitolee muhula mmoja katika kitengo cha elimu maalum kwenye shule iliyo karibu nawe, au uulize katika kituo cha EARC, ambako watoto hufanyiwa tathmini. Beba daftari. Andika kilichotangulia, kilichofanyika na kilichofuata. Ikifika mwisho wa muhula na bado unataka kujua kwa nini yule mvulana alitupa kitabu, hapo tafuta karo.