Afande Bila Kamera

Januari 1975 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha The Sweeney, tamthilia ya makachero wa Flying Squad, kikosi cha polisi wa London kinachosaka majambazi wenye silaha. Jack Regan, aliyeigizwa na John Thaw, alikuwa mnywaji, mwepesi wa ngumi na mzito wa kufuata kanuni. Watu walimpenda hivyohivyo. Tamthilia ilipofikia tamati Desemba 1978, yule afande mpole wa mtaani waliyemzoea tangu tamthilia ya Dixon of Dock Green alikuwa keshachakaa. Hata mwaka 2006, BBC ilipotoa Life on Mars, tamthilia ya polisi wa miaka ya 1970, Waingereza walikuwa bado wanamkumbuka Regan, nusu kwa aibu, nusu kwa hamu.

Miaka hiyohiyo Shinyanga, Tanzania, ilikuwa na akina Regan wake, tena wa kweli. Mwaka 1976 mauaji yaliyohusishwa na uchawi yalipozidi, polisi na maofisa usalama waliendesha msako Shinyanga na Mwanza. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mahabusu. Kwenye tamthilia kipigo huzaa ungamo, na ungamo likishapatikana yanaingia matangazo ya biashara. Huku kilizaa maiti. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa makosa ya watu walio chini yake. Julai mwaka huo, huko London, Kenneth Drury, aliyewahi kuiongoza Flying Squad yenyewe, alifungwa miaka 8 kwa rushwa. Hakuna waziri aliyejiuzulu. The Sweeney iliendelea kurushwa.

Nadhani hapo ndipo urithi wa pande hizi mbili ulipoachana. Uingereza ilibaki na mhusika wa kumjadili. Usukumani na Unyamwezini watu walibaki na wizi wa ng'ombe, silaha zilizozagaa baada ya vita vya Uganda, na afande waliyekuwa wanamwogopa kuliko kumtegemea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia maeneo ya Kahama, wakaunda sungusungu. Dixon alikuwa polisi aliyetungwa afanane na jirani. Hawa waliwageuza majirani kuwa polisi.

Kila kijiji kilikuwa na mtemi wake wa sungusungu, katibu na makamanda. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa usiku, boma moja huupokeza jingine, wanaume wakatoka na pinde na mishale kwenda kuziba njia ambazo mwizi angepitisha mifugo. Anayebaki kitandani hutozwa faini. Anayekaidi hutengwa: hasalimiwi, haazimwi jembe, na akifiwa huchimba kaburi mwenyewe. Baadhi yao walishtakiwa mahakamani, chama tawala kikawatetea, na mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Tusiwavike utakatifu. Wapo sungusungu waliowaandama vikongwe kwa tuhuma zilezile za uchawi. Macho mekundu ya bibi aliyepikia moshi maisha yake yote yalitosha kuwa ushahidi, na wakili wa utetezi hakuwepo.

Televisheni yenyewe ilichelewa; Tanzania Bara ilianza kuipata mwaka 1994. Kwenye machimbo ya Geita kachero wa kigeni alifikia kwenye vibanda vya video: jenereta nje, mabenchi ndani, na wachimbaji waliotoka duarani, yaani shimoni, na vumbi lao. Filamu zilikuwa zimeingiziwa Kiswahili na watafsiri wa mtindo wa Lufufu, msimulizi maarufu wa filamu, sauti moja ikibeba jambazi, kachero na mama mzazi wa kachero, na hapohapo ikiwapa wote ushauri. Regan hakupata bahati hiyo.

Yale ya 1976 yangetosha tamthilia nzima, na sioni kwa nini afande awe ndiye mhusika mkuu. Kuna waziri anayeandika barua ya kujiuzulu, anapelekwa ubalozini Cairo, na mwaka 1985 anarudi kuwa Rais wa nchi. Mhariri wa tamthilia angeifuta sehemu hiyo ya mwisho, akaandika pembeni kwamba haiaminiki.