Mfamasia hasomei kuhesabu vidonge

Kila nikisema nilisoma chuoni miaka mitano ili niwe mfamasia, kisha mwaka mzima wa mafunzo kazini hospitalini, watu wa mtaani kwetu Kisauni hucheka. "Miaka yote hiyo kujifunza kuhesabu vidonge?" aliniuliza mjomba wangu. Alikuwa amepimwa akakutwa na malaria, na alitaka nimuuzie nusu ya dozi kwa sababu pesa hazikutosha.

Basi nieleze. Mwanzoni tunasoma kemia na jinsi moyo, ini na figo zinavyofanya kazi. Niliona ni kupoteza wakati, mpaka tulipofika kwenye famakolojia: dawa inaufanyia nini mwili, na mwili unaifanyia nini dawa. Ini ndilo linalovunjavunja paracetamol, na ndilo linaloumia ikizidi. Figo zikichoka, dawa iliyopaswa kutoka na mkojo hubaki ndani ikijikusanya. Ndiyo maana nikikuuliza kama una kisukari au presha, si umbea.

Kuna pia somo la dawa za mimea, ambalo wazee wetu wangelipenda. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti wa sinkona, na artemisinini kwenye mmea uliotumiwa China tangu zamani. Mhadhiri wetu hakutuachia tuudharau mwarobaini. Aliuliza swali moja tu: ndani ya kikombe hicho mna dawa kiasi gani? Jani la leo na la mwezi jana si sawa, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Lakini kinachoninyima usingizi ni hesabu. Mtoto hupewa paracetamol kwa uzito wake, takriban miligramu 15 kwa kila kilo. Wa kilo 8 atahitaji miligramu 120. Katika dawa ya maji ya kawaida, hizo ni mililita 5. Sasa kuna matone ya watoto wachanga, ambayo mara nyingi yana miligramu 100 katika mililita 1 tu. Ukipima mililita 5 za matone, umempa miligramu 500, zaidi ya mara nne. Chupa zote mbili zina picha ya mtoto.

Nikiwa kwenye mwaka wa mafunzo, nilimkabidhi mama mmoja chupa ya matone huku nikimpa maelezo ya dawa ya maji. Msimamizi wangu aliinyakua mkononi mwake kabla hajaitia mkobani. Hakunifokea. Alinitaka nimweleze yule mama, kwa mdomo wangu, nilichokuwa nimekosea. Tangu siku hiyo simwachi mteja aende bila kunirudia maelezo, hata foleni ikifika barabarani, na wengine huondoka wakinung'unika.

Nirudi kwa mjomba. Dozi ile ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, mara sita ndani ya siku tatu, ile ya pili saa nane baada ya ya kwanza. Tena humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, maziwa au samaki wa nazi, ili mwili uifyonze vizuri. (Usidhani maziwa yanafaa kila dawa, siprofloksasini huzuiwa nayo.) Nusu dozi hupunguza vimelea, homa ikashuka, mtu akajiona amepona, kumbe waliobaki wanazaana upya.

"Mjomba, nusu siuzi," nilimwambia. "Chukua zote, nyingine nitaandika deni."

Alilipa Ijumaa baada ya swala, akiwa mzima kabisa. Nikamuuliza kama alimaliza.

"Homa iliisha siku ya pili, mwanangu," akasema, akatoa mfukoni karatasi yenye vidonge vinane. "Hivi nimeviweka akiba, shangazi yako akiugua."