Utupa, mitokondria na vimeng'enya vya ugonjwa wa Parkinson

Utupa ni mmea unaofahamika vijijini Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Majani yake hukaushwa, husagwa na kuchanganywa na maharage ghalani ili wadudu wasiyashambulie. Wavuvi nao wameutumia tangu zamani: hutwangwa na kutiwa mtoni, na samaki hulegea wakaelea. Kinachowalegeza ni kemikali za jamii ya rotenoni. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba panya waliotiwa rotenoni mfululizo kupitia mshipa wa damu walipata dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson, na seli zilizokufa katika ubongo wao ni zilezile zinazokufa kwa binadamu mwenye ugonjwa huo. Je, mkulima wa Rungwe au Mufindi ana la kuhofia? Swali hili halijibiki kabla ya kujua kinachotokea ndani ya seli, na waliotufundisha zaidi juu ya hilo si panya, bali familia zilizorithi ugonjwa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817. Mikono hutetemeka mtu akiwa ametulia, misuli hukakamaa, mwendo huwa wa pole na hatua huwa fupi. Chanzo ni kufa kwa seli za neva zinazotengeneza dopamini katika eneo dogo jeusi la ubongo wa kati. Dopamini ni kemikali ambayo seli hizo hutumia kupeleka ujumbe unaoratibu mwendo. Dalili zinapoonekana, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imekwisha kupotea.

Ndani ya kila seli mna mitokondria, viungo vidogo vinavyotengeneza ATP, kemikali inayobeba nishati. Utando wa ndani wa mitokondria husukuma chembe zenye chaji upande mmoja, na tofauti ya umeme inayopatikana ndiyo huendesha utengenezaji wa ATP, kama maji yaliyozuiwa nyuma ya bwawa la Mtera yanavyozungusha mitambo yanapofunguliwa. Rotenoni huziba hatua ya kwanza ya usukumaji huo. Chaji ikipungua, nishati hupungua, na mitokondria iliyoharibika huanza kutoa kemikali zinazounguza protini na mafuta yaliyo karibu nayo. Seli ina sababu mbili za kutaka kuiondoa.

Hapa vinaingia vimeng'enya viwili. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemikali bila yenyewe kuisha. Cha kwanza huitwa PINK1, na ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachotoa kikundi cha fosfeti kwenye ATP na kukibandika kwenye protini nyingine. Mitokondria ikiwa na afya, chaji yake huivuta PINK1 hadi ndani, ambako hukatwa na kisha kuharibiwa. Kwa hiyo katika seli yenye afya PINK1 karibu haionekani. Chaji ikishuka, PINK1 haiwezi kuvutwa. Inakwama kwenye utando wa nje, inajikusanya na kuanza kazi. Naona hapa ndipo penye uzuri wa mpango mzima: seli haina chombo cha pekee cha kupimia ubovu wa mitokondria, bali kushindwa kwa mitokondria kuimeza PINK1 ndiko kipimo.

PINK1 iliyokwama hubandika fosfeti kwenye protini ndogo iitwayo ubikwitini, na kwenye kimeng'enya cha pili, parkini. Kikiisha kupokea fosfeti, parkini huamka. Kazi yake ni kuunganisha ubikwitini kwenye protini za utando wa nje wa mitokondria ile mbovu. Kila ubikwitini mpya hupewa fosfeti na PINK1, nayo huita parkini zaidi, hadi mitokondria nzima imejaa alama. Ikifikia hapo hufungwa katika utando na kupelekwa kwenye lisosomu, chumba cha seli chenye vimeng'enya vya kuyeyusha taka.

Jeni la parkini lilitambuliwa Japani mwaka 1998, na la PINK1 mwaka 2004 katika familia za Italia na Hispania. Anayeugua kwa njia hii hurithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja mbovu kwa kawaida hubaki mzima, kwa sababu ile nyingine inatosha. Wazazi wawili wa namna hiyo wakipata mtoto, uwezekano wa mtoto kurithi nakala zote mbili mbovu ni mmoja kati ya nne. Uwezekano wa wazazi wote wawili kubeba nakala mbovu huongezeka pale wanapokuwa ndugu wa damu, kama binamu. Ndiyo maana ugonjwa huweza kumpata kijana ambaye wazazi na babu zake hawakuwahi kutetemeka, na watu wa ukoo wakakosa kabisa kuuona kama wa kurithi.

Njia ya jeni jingine la Parkinson, LRRK2, ni kinyume. Protini yake nayo ni kinasi, lakini badiliko la jeni huifanya ifanye kazi kupita kiasi, hivyo nakala moja tu yaweza kuleta ugonjwa. Badiliko hilo ni la kawaida sana kwa wagonjwa wa Afrika Kaskazini. Mtu akisema "jeni la Parkinson la Afrika" kwa kutazama Algeria na Tunisia, atakuwa amekosea kuhusu sehemu kubwa ya bara.

Ushahidi wa hilo ulikuja mwaka 2023. Utafiti uliohusisha Wanigeria na Wamarekani wenye asili ya Afrika ulikuta badiliko katika jeni la GBA1, linalotengeneza kimeng'enya cha lisosomu cha kuvunja aina fulani ya mafuta. Nakala moja iliongeza hatari kwa takriban mara 1.5, mbili kwa takriban mara 3.5. Kwa watu wa Ulaya badiliko hilo halikuwa limeonekana. Tena halikiharibu kimeng'enya chenyewe. Linavuruga namna maelekezo ya jeni yanavyoungwa, na seli hupata kimeng'enya kidogo kuliko inavyohitaji.

Sasa turudi kwenye utupa. Panya wale walitiwa rotenoni kwenye damu. Mkulima hugusa unga wa majani, na maharage huoshwa na kuchemshwa. Rotenoni hupenya ngozi na utumbo kwa shida, na huharibika kwenye mwanga. Hata hivyo, utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 juu ya wanyunyizaji wa viuatilifu ulikuta waliowahi kutumia rotenoni walikuwa na uwezekano wa takriban mara 2.5 zaidi wa kuwa na Parkinson. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya kuuacha utupa. Ipo sababu ya kutosha ya kufunika pua na mdomo wakati wa kuusaga. Na mwenye mfumo dhaifu wa kuondoa mitokondria mbovu ndiye ambaye tungetarajia adhurike mapema.

Ni nani huyo katika Mbeya na Iringa? Hesabu ya wagonjwa wa Parkinson inayojulikana zaidi nchini ni ya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, iliyochapishwa mwaka 2008: wagonjwa 33 katika wakazi takriban 161,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kutambuliwa. Kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kilichopo Mbeya kimehifadhi na kupima damu kwa ajili ya VVU na kifua kikuu kwa miaka mingi. Ujuzi huo huo ungeweza kuhudumia sampuli za wagonjwa wa Parkinson kutoka hospitali za rufaa za Mbeya na Iringa, na naamini ungepaswa kutumika hivyo.

Kwa sasa mganga wa wilaya hahitaji kusubiri maabara. Akiletewa mtu wa miaka 30 anayeburuta mguu na kukakamaa, amuulize kama wazazi wake wana undugu, na kama kaka au dada yake yeyote ana dalili hizo. Kumuulizia baba peke yake hakutoshi. Wagonjwa wenye jeni bovu la parkini mara nyingi huitikia vizuri dozi ndogo ya dawa ya levodopa, na kwa miaka mingi.